Mpango wa kijiji umepita kando ya mwalo

Mhariri,

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Juzi walikuja wataalamu tuandae mpango wa maendeleo. Mkutano ukaitwa saa nne asubuhi, kina mama wakiwa mchangani wanageuza dagaa. Chini ya mwembe tukabaki wazee na sisi wenye nafasi (chai ilikuwepo, sikatai), tukapitisha ujenzi wa ukumbi.

Wangeuliza mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wangeambiwa mengine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mvua ikinyesha kesho yake, mzigo uliotandazwa mchangani unaoza, unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja za nyavu za kuanikia juu ya ardhi, na maturubai ya kufunikia, zingeokoa mwingi. Na fedha si za kutafuta mbali: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha jirani yangu hakijui hata pa kuanzia.

Mkutano ujao uitwe wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika.

Mchuuzi wa dagaa,
Mwanza