Njugu wachukue, lakini nauli waitaje yote

Mhariri,

Msomaji wako mmoja alilalamika wiki jana kwamba ndege za humu nchini siku hizi hazitoi njugu, hazitoi soda, na hata gazeti la bure limepotea. Namwelewa. Ila naona amelilia dogo akaacha kubwa.

Mimi ni mstaafu. Kwa miaka mingi nilipanga trei katika jiko moja la vyakula vya ndege hapa Embakasi. Chakula cha ndege hupikwa chini, kikapozwa haraka, kikafunikwa kwa foili na kusukumwa ndani ya toroli, kisha lori ambalo bodi yake hupanda juu likakifikisha mlangoni mwa ndege. Kule angani ni kupashwa moto tu. Tulisimama kwa mstari: huyu mkate, yule siagi, mimi saladi na kijiko. Msimamizi akija na amri kwamba vipande vya tango vipungue kutoka vinne hadi viwili, tulijua hali ya kampuni kabla magazeti hayajajua.

Kwa hivyo habari ya kupunguza si ngeni kwangu, wala haikuanza jana. Mwaka 1958 kampuni zinazovuka Atlantiki zilikubaliana kwamba abiria wa tiketi ya bei nafuu wapewe sandwichi tu, tena baridi na ya kawaida. SAS ya Skandinavia ikaipamba yake kwa nyama na samaki mpaka washindani wakashtaki, na ikapigwa faini ya dola 20,000. Faini kwa kulisha watu vizuri! Mwaka 1987, kama wanavyosimulia watu wa kazi hii, Robert Crandall, mkuu wa kampuni ya ndege ya American Airlines, akaondoa zeituni moja katika kila saladi na kuokoa karibu dola 40,000 kwa mwaka. Jikoni kwetu kisa hicho kilisimuliwa kwa kicheko, lakini kila mmoja akitazama trei yake.

Zeituni sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza mwaka 2008. Mafuta ghafi yalipanda mpaka yakakaribia dola 147 kwa pipa mwezi wa Julai, na kampuni hiyohiyo ya Marekani ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza. Sababu ikatajwa: mafuta. Sawa. Kabla mwaka kwisha mafuta yakaporomoka chini ya dola 40. Ada ya begi haikuporomoka nayo, na kampuni nyingine zilikuwa zimeshaiga. Southwest, kampuni nyingine ya huko Marekani iliyojigamba miaka mingi kwamba mabegi yake husafiri bure, nayo ilisalimu amri Mei 2025. Wanachokisema wachache ni kwamba kule Marekani nauli ya ndani hukatwa kodi ya asilimia 7.5, ilhali ada ya begi haikatwi. Ukihamisha shilingi kutoka kwenye nauli kwenda kwenye begi, umeikwepesha kodi. Hapo mafuta yanahusikaje?

Sasa nije kwetu. Mwishoni mwa mwaka nilinunua tiketi ya Kisumu kwa simu, kwenda mazishi. Bei ya kwanza ilinifurahisha. Nikaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Ndipo ukaja ukurasa wa kiti, halafu wa begi, halafu wa bima nisiyoiomba. Nilipofika mahali pa kulipa, ile bei ya kwanza ilikuwa historia. Kondakta wa matatu ya Embakasi, pamoja na sifa zake zote mbaya, hukutajia nauli ukiwa bado mlangoni. Mvua ikinyesha anaipandisha, ndiyo, lakini anaipandisha kabla hujakaa.

Abiria nao wamejifunza. Tukirudi kutoka Kisumu, mama aliyekuwa mbele yangu kaunta aliambiwa begi lake la mkononi limepita kilo saba. Hakubishana. Alilifungua palepale sakafuni, akatoa leso mbili akajifunga juu ya sketi, akatoa sweta akaivaa juu ya sweta, na mjukuu wake akaning'iniziwa viatu shingoni kwa kamba zake. Mizani ikatulia kwenye saba. Uzito uleule ukapanda ndege ileile, Mhariri. Umehama tu kutoka begini hadi mwilini. Rubani hakuokoa hata tone la mafuta. Wengine huvaa koti lenye mifuko mingi, wakajaza chaja na sufuria ndogo, au hugawana omena na rafiki asiye na mzigo. (Omena ifungwe mara tatu, tafadhali. Na mayai ya kuchemsha yaacheni nyumbani; ukimenya yai mle ndani, kila pua itajua ni wewe.)

Kwa safari fupi, chapati mbili kwenye kitambaa zinatosha, na njaa ya dakika hamsini haijaua mtu. Maji ndiyo siwezi kunyamazia. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, na ulimi huko juu haushiki ladha vizuri. Ndiyo maana jikoni tuliambiwa tukoleze chumvi na viungo. Mimi nameza dawa za presha. Niliomba maji nikaambiwa yanauzwa. Huko juu M-Pesa haishiki, kwa hivyo nikatoa noti ya elfu moja, na mhudumu, msichana mwenye adabu zake, hakuwa na chenji. Akaniambia, "Mzee, subiri kidogo nikuulizie nyuma." Tulitua akiwa bado huko nyuma. Dawa niliimeza kwa maji ya jirani. Simlaumu yule binti; aliyempa toroli bila chenji yuko ofisini.

Sisemi kampuni zirudishe kila kitu. Mwanafunzi anayesafiri na kompyuta yake tu hana sababu ya kulipia gunia langu, na nauli ya chini imewapandisha ndege watu ambao zamani walizisikia zikipita tu. Lakini Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji, na kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza ada ambazo mteja hakujulishwa kabla ya huduma. Kampuni zitajibu kwamba zinajulisha, pale ukurasa wa nne. Ulaya, tangu 2008, sheria inataka vitu vya kulipia vya hiari vitajwe wazi mwanzoni mwa ununuzi, na mteja avichague mwenyewe badala ya kuvikuta vimeshawekwa alama.

Mamlaka zetu za usafiri wa ndege na za ushindani zidai vivyo hivyo. Kabla mtu hajaandika jina lake, aone bei mbili bega kwa bega: ya asiye na mzigo na ya mwenye begi. Aone pia atatozwa ngapi begi likizidi uzito pale kaunta. Maji ya kunywa yasiuzwe. Na wakitaka kuuza chai, wabebe chenji.

Mpanga trei mstaafu,
Utawala, Nairobi