Malalamiko juu ya seva muliyoniuzisha na maneno ya teknisiani wenu

Bwana Direktere,

Nawasalimia kwa heshima, ile ile teknisiani wenu aliikosa kwangu. Garanti munaijua, ni nyinyi muliiandika.

Siku ya ine alifika hapa depo yangu ya dawa, Kadutu, Bukavu, bakiliya wamejaa pa kontwari. Nikamuambia umeme ulikatika usiku, tangu urudi stoki yote kwa seva, ile mashini inayochunga hesabu za dawa, inasoma sifuri, hata paracetamol ambayo makartoni yake yako nyuma yangu. Hakuangalia kitu. Akasema kwa sauti: "Mama, hii si WhatsApp, ni vidole vyako vimefuta." Watu wakacheka. Akatuambia tuandike stoki upya kwa mkono, akachukua dola 50, akaenda.

Sikufuta kitu! Mtoto wa dada yangu anasoma enformatike, siku ya posho aliwasha seva akaandika haraka findmnt, amri inayoonyesha diski zimeungwa wapi, akaniita: ile diski ya nje munawekea data haikuwa imemontiwa, ni kusema haijaungwa kwa dosie yake, ikajitokeza nyuma kidogo. Skripti yenu, ile inayowasha programu ya stoki, inaondoka mbio kuliko diski, inakuta dosie /mnt/stoki iko tupu, inajitengenezea baze mpya ya data mule, haina kitu. Kwa fstab, ile fishie ya kuunga diski, muliweka neno nofail ili mashini isingojee diski, sawa, lakini programu nayo nani aliiambia ingojee? Aliongeza mstari mmoja kwa fishie ya servisi inayoanzisha programu, RequiresMountsFor=/mnt/stoki, ni kusema ingojee diski iungwe kwanza, basi. Sasa diski ikikosa, programu inakatala kuanza, na bora ikatale kuliko kunidanganya. Mauzo ya siku mbili yalikuwa yamefunikwa chini ya diski, ikabidi kusimamisha programu na kudemonti, ni kuondoa diski kwa dosie, ndipo tuyaone, tulilala saa saba usiku.

Na mwezi wa tatu ilikuwa hivi hivi, mukaniambia kwa simu nizime niwashe, ikarudi, nikawashukuru, mpumbavu mimi.

Vidole vyangu! Narudilia kwani hamukuwapo. Alikaa pa kiti yangu, mimi nimesimama kama mtoto wa masomo, infirmie anangojea seroumu zake, yeye anashika suri ya mashini kwa vidole viwili sawa kitu kichafu, "vidole vyako, mama", kisha akamgeukia yule infirmie akacheka naye. Infirmie anayenunua kwangu tangu 2016. Jana aliniuliza kama vidole vimepona.

Naomba murudishe dola 50. Na teknisiani aje aombe msamaha, si kwa simu, hapa pa kontwari, asubui watu wakiwa wengi. Na kwa kweli nikifikiri vizuri, murudishe feza za seva yote, fakture ninayo. Benye depo ya dawa tunajuana hapa Bukavu, wengine wanataka kununua kwenu mashini kama hii, wameniuliza, sijawajibu bado.

Nangojea mpaka siku ya tano. Nyuma ya pale mutaongea na avoka wangu.

Mwenye depo, Kadutu