Shukrani kwa porter wa marvin (kofia ya baridi) nyekundu pale Shipton's, Mlima Kenya

Ndugu yetu, jina lako hatukulipata, ulikuwa porter wa grupu ingine, lakini nataka ujue beste yetu ako poa kabisa na ni juu yako. Ule usiku tuko Shipton's Camp, mita kama 4,200 hivi, tumejipanga kuamka saa nane tupande kilele cha Point Lenana tupate jua likichomoza, yeye kichwa kinampasuka, anatapika, akitoka nje ya tenti anayumba. Wewe ulisikia tu kelele ukaja na tochi, hukuitwa na mtu. Ukamwambia atembee kwa laini moja, kisigino kiguse vidole, akashindwa, ukasema hapa hakuna kungoja asubuhi, anashuka sasa hivi.

Na ulikuwa right, ugonjwa wa mwinuko ukifika hapo kwa kuyumba dawa ya kwanza ni kushuka, maji na panadol haziwezi. Ukabeba begi lake, ukamshika mkono kwa hayo mawe yote ya bonde la Mackinder, baridi ile ya kukata masikio, ukimwongelesha asilale, mpaka akaanza kujibu vizuri ndio ukageuka kurudi kwa wageni wako, na walikuwa wanapanda asubuhi hiyo hiyo! Pesa ukakataa.

Maporter wa Mlima Kenya wanabeba mengi kuliko mizigo, nimeona mwenyewe. Asante sana kaka. Ukiona hii tutafute tafadhali, mamake anataka kukusalimia.