Kauli moja ipi?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwasumbua kwa barua, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu mkutano wa afya ya uzazi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, imenishinda kuimeza. Mliandika kwamba wananchi walipinga utoaji mimba "kwa kauli moja". Nilikuwemo ukumbini tangu sala ya ufunguzi hadi viti vilipokusanywa, tofauti na mwandishi wenu aliyeondoka mara nauli ilipogawiwa, na kauli hiyo moja sikuisikia. Nilisikia kelele za pande mbili na kimya cha watu wengine wote.

Mkunga mmoja, mama wa makamo aliyehifadhi karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, alisimama kueleza jambo dogo: kwamba mwanamke ambaye mimba imemtoka, iwe yenyewe au kwa kutolewa, anastahili kutibiwa, na kwamba mhudumu anayezuia damu isimmalize havunji sheria yoyote. Hakufika hata nusu. Mzee mmoja akamkatiza, "Kwanza tuambie, wewe unaunga mkono kuua au huungi?" Makofi. Mwingine akadakia kwamba kama mama yake angeitoa mimba yake, leo asingekuwepo pale kusema. Makofi tena. Mshereheshaji, badala ya kumlinda, alimpokonya kipaza sauti akampelekea mchungaji, ambaye, tumpe haki yake, alionekana kuona haya kukipokea. Wala msidhani ninautetea upande wa pili, kwa sababu binti aliyetumwa na shirika lake kutoka Kampala alitusomea maandishi ya Kiingereza ukutani, na mama muuza nyanya alipomuuliza swali la maana kabisa, kwamba daktari hujuaje kuwa mimba hii itamuua mama, alijibiwa kuwa swali lake ni unyanyapaa. Mama wa watu aliketi, akajifunika mtandio, na hakusema tena.

Hata takwimu ziligeuzwa mawe ya kurushiana. Binti alitaja mimba 314,000 zilizotolewa kwa mwaka kana kwamba zilihesabiwa jana. Wapinzani wake wakasema ni uongo wa Wazungu. Hakuna aliyeeleza kwamba hayo ni makadirio ya watafiti kwa mwaka 2013, yaliyotokana na idadi ya wagonjwa waliofikishwa vituoni na maoni ya wataalamu, kwa sababu jambo linalofichwa kwa kuogopa jela halihesabiki kwa njia nyingine.

Laiti mtu mmoja angesoma sheria kwanza. Mimi ni polisi mstaafu, na mafaili ya namna hii yamepita mezani kwangu. Ibara ya 22 ya Katiba ya 1995 inasema hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kwa jinsi sheria itakavyoruhusu, lakini Bunge halijatunga sheria ya kufafanua ruhusa hiyo, na hivyo tumebaki na vifungu vya sheria ya makosa ya jinai vya zama za Mwingereza: hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayempatia dawa au kifaa akijua kinaenda kufanya nini, pamoja na kifungu kinachomkinga daktari anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaonyesha wahudumu mipaka yao. Ukapingwa, hasa na viongozi wa dini, ukarudishwa kabatini. Tangu hapo mkunga anakisia, na polisi naye anakisia.

Na tukiwa hapo hapo, nadhani makofi hayo ni yale yale yaliyopigwa mwaka 2016, Bunge lilipozuia elimu ya jinsia shuleni, yakageuka manung'uniko mwaka 2018 serikali ilipotoa mfumo wake wa kuifundisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba karibu msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 ameshawahi kubeba mimba. Baba hasemi, shangazi amehamia mjini, mwalimu anaogopa kazi yake. Basi afunzwe na nani, dereva wa bodaboda?

Pendekezo langu si la gharama. Mkutano ujao, mlangoni iwekwe meza yenye Ibara ya 22 kwa Kiswahili, Kiteso na Kijapadhola, na kila anayetaka kipaza sauti aisome kwanza kwa sauti, akishindwa, akae. Mkunga aanze, na asikatizwe. Simu zote zikusanywe kikapuni, maana nusu ya hasira za siku ile zilikuwa za kurekodiwa. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, na la muuza nyanya lisomwe kabla ya mengine yote, mbele ya daktari anayeweza kulijibu.

Polisi mstaafu,
Tororo