Kabla hujaturudishia EZH2

"Ndugu, kile kimeng'enya mlichotuletea kimekufa. Tumerudia mara tatu, hakuna kitu." Simu za namna hii sisi tunaouza vimeng'enya vya maabara tumezizoea, na zinazohusu kimeng'enya cha EZH2 zimezidi nyingine zote. Mara nyingi kimeng'enya chenyewe ni kizima.

Ndani ya kiini cha seli moja ya binadamu kuna takriban mita 2 za DNA, zimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye kigogo chake. Histoni zina mikia inayochomoza nje. EZH2 hubandika methili (kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni) kwenye mkia wa histoni H3, kwenye lisini, asidi amino iliyo nafasi ya 27: moja, ya pili, hadi ya tatu. Zikitimia tatu, jeni za hapo hunyamaza. Mwili unaihitaji kazi hiyo. Balaa ni pale zinaponyamazishwa jeni zinazozuia seli kuzaana ovyo. Tazemetostat, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa aina moja ya sarkoma na kisha kwa limfoma ya folikuli, zote saratani, ni dawa ya kukizima kimeng'enya hikihiki. Nanyi mnakinunua ili mpime dawa zenu dhidi yake.

Sasa, kwenye orodha yetu kuna EZH2 peke yake, na kuna EZH2 pamoja na wenzake. Ya kwanza ni nafuu, kwa hiyo ndiyo inayoagizwa. Lakini chungu hakikai juu ya figa moja. Bila protini wenzake EED na SUZ12, EZH2 haibandiki methili ya maana. Ukitaka kupima kazi, chukua mchanganyiko wa protini tano, hizo tatu zikiwemo, ambao jeni zake za binadamu zimeingizwa kwa pamoja kwenye seli za wadudu ili protini zijiunge humohumo. EZH2 pweke itakufaa kama kielelezo cha kujaribia kingamwili, si zaidi sana.

Kuna jingine linalokwamisha watu wiki nzima. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu alitutumia picha ya matokeo yake: safu ya EZH2 ya kawaida ina namba nzuri, safu ya Y641F, ile yenye badiliko la limfoma, namba zake ni sawa na visima vya sahani ya kipimo visivyo na kimeng'enya kabisa. Tulimuuliza jambo moja tu: huo mkia wa histoni ulionunua ili kimeng'enya kiubandike, una methili ngapi tayari? Hauna hata moja.

Hapo ndipo kosa. Tangu 2010 inajulikana kwamba EZH2 ya kawaida huchapa kazi kwenye lisini tupu au yenye methili moja, halafu inazidi kuchoka. Y641F ni kinyume chake: lisini tupu haiitaki, inasubiri yenye mbili ili iongeze ya tatu. Kwenye uvimbe seli huwa na nakala zote mbili za jeni, ya kawaida na iliyobadilika, nazo zinapokezana kama wabeba matofali. Basi mnunulie Y641F mkia wenye methili mbili. (Na mkiona mahali pengine pameandikwa Y646, msishtuke: ni nafasi ileile, imehesabiwa kwenye umbo refu zaidi la protini.)

SAM, inayotoa hizo methili, huharibika ikiachwa mezani kwenye joto la chumba. Itoe kwenye friza dakika za mwisho.

Kuhusu kuhifadhi: kichupa kikifika kwenye barafu kavu, kiingie moja kwa moja kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku ya kukiyeyusha mara ya kwanza, kiyeyushie juu ya barafu, ukigawe papo hapo kwenye vichupa vya matumizi ya siku moja. Usikitikise kwa mashine. Changanya taratibu kwa pipeti. Kilichobaki mezani jioni usikigandishe tena, hata kama roho inauma.

Bado namba hazipandi? Tupigie ukiwa na namba ya bechi, jina la mkia wa histoni, na tarehe uliyofungua SAM.