Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mitungi Yetu na Mpaka wa Horohoro

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe, na kompresa imeshabadilishwa chujio, kwa hiyo hayo siyagusi. Nitasema juu ya mitungi, maana ndiyo mnayoniuliza kila tukikutana.

Mtungi wa kuzamia hupimwa kwa shinikizo la maji, kwa kawaida kila baada ya miaka 5, na tarehe ya kipimo hugongwa begani mwake. Yetu kumi na miwili ilikuwa imepitwa. Kamati ikaamua ipelekwe Mombasa kwa gari, tukiondokea hapa Tanga.

Kwenda hakukuwa na shida. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha huduma ya pamoja: unasimama upande unaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili unawakuta hapohapo. Tukaonesha pasi na kadi ya njano ya bima ya gari, tukapita. Mitungi hatukuiandikisha. Nakiri mimi ndiye niliyesema tusijitafutie kazi.

Kazi tuliikuta tukirudi. Mitungi imepimwa, imepakwa rangi, inang'aa kama imetoka dukani leo. Ofisa akauliza tumeinunua wapi. Tukasema ni yetu, tulitoka nayo. Akataka karatasi inayoonesha kwamba tulitoka nayo. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema: "Mkuu, hii ni mitungi ya oksijeni tu, sisi ni wazamiaji." Neno la kulisema mpakani hilo! Ofisa akazirudia pasi zetu moja moja. Na oksijeni ikazaa swali lake, kwani kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari oksijeni iliyoshindiliwa ni namba 1072, huchochea moto, wakati hewa ya kawaida ni namba 1002. Naomba tuache kusema "mitungi ya oksijeni". Sisi tunajaza hewa hii hii tunayoivuta humu ukumbini.

Ili kumwonesha, nikafungua koki ya mmoja. Ulikuwa na bar 20 tu (bar ni kipimo cha shinikizo, mtungi uliojaa una kama 200), tulizoziacha makusudi unyevu usiingie, lakini ulipiga mluzi ule mnaoujua, na mama aliyekuwa nyuma yetu akaliacha kapu lake akakimbilia mlangoni. Nilimwomba radhi.

Tulifika saa nne asubuhi, tukaondoka saa kumi jioni. Kilichotuokoa ni daftari la mtunza vifaa wetu, aliyeandika namba zote zilizogongwa kwenye mitungi tangu siku ya kuipokea. Akapiga picha kurasa pamoja na risiti za zamani, akatuma kwa simu. Mtungi mmoja ukalazwa, namba ikasomwa, ikatiwa tiki, ukaletwa mwingine. Ofisa alikuwa na haki yake. Uzembe ulikuwa wetu.

Mara ya pili, tulipopeleka minne iliyosalia, tuliondoka na orodha ya nakala tatu: namba, ujazo, sababu ya safari, na kama ni chuma au alumini, maana kwenye vitabu vya ushuru chuma kiko 7311 na alumini 7613. Ikagongwa muhuri siku ya kutoka. Kurudi, chai yetu ya chupa haikuwahi kupoa.

Sasa, wapo wanaotaka twende kuzamia Kisite, hifadhi ya bahari upande wa Kenya, tukiwa na mitungi iliyojaa kabisa. Mimi sikubali, na wajumbe wawili wa kamati hawakubaliani nami, watasema wenyewe. Mtungi wa bar 200 asubuhi, kwenye nyuzi 30, hufika kama bar 220 ndani ya gari lililoanikwa juani likapanda hadi nyuzi 60. Mtungi mzima hauwezi kushindwa na hilo, lakini si kila wetu ni mzima. Tena mmoja wa alumini, mtupu, una kilo 14. Tubebe regyuleta zetu, vile vifaa vya kuvutia hewa kutoka mtungini, mitungi tukodi kulekule. Nitaomba kura.

Atakayekwenda na mtungi wake binafsi alete namba zake kwa katibu wiki moja kabla, ziingie kwenye orodha moja.

Kati ya yote, mmoja umeanguka kipimo, ule wa chuma wa manjano. Umetobolewa ili asije mtu akaujaza, na uko pale mlangoni. Anayetaka kuiona kutu ya ndani, nimekuja na tochi.