Mwanangu, pangeni safari kwa kutazama mwezi

Mwanangu mpenzi,

Sisi hapa South B, Nairobi, hatujambo, na baba yako anakusalimia sana. Nimeisoma orodha yako ya safari ya Agosti. Nimefurahi mno kwamba wajukuu wangu wataiona pwani niliyokulia. Ila orodha ni ndefu, mama. Umepanga sehemu mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kati yake gari.

Mtoto wa miaka mitatu hatembei ili afike mahali. Atachuchumaa kwenye tundu la kaa nusu saa nzima, akatae kusonga, kisha akimbie kurudi mlikotoka. Kwake hayo ndiyo matembezi yenyewe. Kwa hiyo nakuomba uchague njia fupi, tambarare, ambazo mnaweza kugeuka wakati wowote, na tarehe uzipange kwa kutazama mwezi.

Hili la mwezi nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu wewe umekulia Nairobi na hakuna aliyekufundisha. Bahari ya kwetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mombasa na kandokando yake, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake mkitoka saa mbili mnayafuata maji yakirudi nyuma, jua bado la upole, na mchanga uliobaki ni mgumu, hata mdogo anatembea bila kuzama. Ikifika saa nne mnageuka. Msingoje kuona maji yakigeuka kwanza, kwa maana hujaza mifereji iliyo nyuma yenu kabla hamjashtuka.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Siku nne baada ya bamvua kuanza, yatakuwa yanakupwa saa saba, jua la utosini, na huo si wakati wa kutembea na watoto ufukweni. Hapo ndipo mnapohamia msituni na kwenye magofu, ambako kivuli kipo. Juma linalofuata huwa maji mafu, yaani hayapandi sana wala hayashuki sana, na kupwa kwake huangukia alasiri.

Sasa njia zenyewe. Anzeni na Jumba la Mtwana, kupita Mtwapa kidogo, siku ya bamvua. Ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kuta za nyumba na misikiti bado zimesimama kati ya mibuyu. Napapenda kuliko magofu yote kwa sababu ni padogo na njia yake inateremkia ufukweni. Mkubwa akichoka na kuta, bahari iko palepale. Mwonyeshe visima, muulize watu wale walioga wapi, walipika wapi. Miaka sita ni umri wa kuuliza mambo kama hayo na kujibu mwenyewe.

Maji yakipwa pale ufukweni, wapeleke kwenye vidimbwi vya karibu tu. Kuna viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, kuna majongoo bahari, kuna kaa waliojihifadhi kwenye magamba ya konokono. Wavae viatu hata kama wanalia, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe. Tena waambie mapema: tunatazama, hatuokoti. Kuna konokono mwenye gamba zuri lililochongoka, ana mwiba wenye sumu kali, na mkono wa mtoto hauna habari. Wala msikanyage matumbawe. Yakivunjika huchukua miaka mingi kurudi.

Machimbo ya zamani pale Bamburi, yaani Haller Park, yaweke siku ya jua kali. Mahali pale palikuwa jangwa la mawe, kiwanda cha saruji kimechimba kikamaliza. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti, na mivinje ndiyo iliyostahimili. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi. Akaleta majongoo. Majongoo wakayala, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo msitu ukasimama. Wasimulieni watoto hadithi hiyo wakiwa njiani, halafu muwaache wamtafute jongoo wao wenyewe. Twiga pia wapo, lakini nina hakika mdogo atamkumbuka jongoo.

Jioni moja nendeni Mama Ngina, kando ya bahari pale Mombasa, mkale mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili huku meli zikiingia bandari ya Kilindini. Zinapita karibu kiasi kwamba mtoto anaweza kuwapungia mabaharia. Ngome ya Yesu (Fort Jesus) ni ya mkubwa na baba yake peke yao, asubuhi mapema. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ina mengi, lakini kuna kuta ndefu zisizo na ukingo na uwanja usio na kivuli. Wewe na mdogo mtembee vichochoro vya Mji wa Kale mkiwasubiri.

Maji mafu yakiingia, hamieni Watamu. Magofu ya Gede yana njia tambarare chini ya miti mikubwa, na tangu 2024 yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndizi zikae ndani ya mkoba, kima wa pale hawaombi. Mngoje kimya kidogo kwenye majani makavu: huenda mkamwona sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye haishi popote duniani isipokuwa kwenye misitu michache ya pwani yetu.

Na karibu na hapo ni hori la Mida. Mwanangu, hata mkikosa yote mengine, hili msilikose. Kuna daraja la mbao na kamba linaloning'inia kati ya mikoko, linayumba kidogo, watoto hulishangilia. Siku za maji mafu maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, basi mfike saa mbili na nusu, wakati yanapanda taratibu na ndege wanasogezwa karibu. Chini ya daraja mtaona kaa wa kiume wakipunga gando moja kubwa, na samaki wadogo wanaorukaruka kwenye matope. Mwonyeshe mkubwa tofauti: mkoko umesimama kwa mizizi iliyojipinda, mchu umetoa mizizi yake juu ipate kupumua. Ada mnayolipa husaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani, kwa hiyo msisumbuane na vijana wa pale kuhusu bei.

Maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills yafute kwa sasa. Kushuka ni raha, ila kupanda kurudi utambeba mdogo mgongoni njia nzima. Korongo la Marafa nalo ni joto tupu. Yote mawili yatangoja miaka mitatu minne.

Agosti kusi bado huvuma, jua si la Februari, lakini watoto wa Nairobi hawajazoea ule unyevu wa hewa. Maji ya kunywa yawe mengi, kwenye chupa za kutumia tena. Zile za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020. Chukua leso mbili: moja ya kumbebea mdogo, nyingine ya kuwafunika upepo. Na siku mtakayoshuka Miritini msipange kutembea popote, treni imeshawachosha.

Nitumie namba za viatu vya watoto wote wawili. Jumamosi naenda soko la Gikomba, niwachukulie sandak, vile viatu vya plastiki, za kuingia nazo majini.

Mama yako